Nahodha Amekufa na Baba Bado Anamsubiri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu katika gazeti la Ijumaa hii hii, kwa sababu Jumapili saa kumi jioni kinyozi anakuja nyumbani kwetu kuangalia runinga, na akishakaa kwenye kochi letu mimi sina tena pa kujificha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne na kazi yangu ni kuchonga funguo, nina kibanda ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, mashine moja ya umeme, tupa sita na ubao wa misumari ninapotundika funguo ambazo hazijachongwa, na sijisifu lakini ufunguo niliouchonga mimi haurudishwi, mtu akienda nao mlango unafunguka. Naishi ghorofa ya pili na baba yangu na shangazi, dada yake baba, na chini yetu ndipo ilipo saluni ya huyo kinyozi. Baba alikuwa fundi redio kwa miaka thelathini na minane, na si fundi wa kubahatisha, ulikuwa ukimpelekea redio anaiwasha, anainamisha kichwa upande, anasikiliza kidogo tu kisha anakwambia spika imechanika au kuna waya umelegea, na bado hajashika bisibisi. Miaka minne iliyopita presha ya macho ilimharibia macho yote mawili.

Hapo ndipo penye kidonda, mshauri, kwa sababu kwa miezi minane sisi sote, mimi na shangazi na hata daktari aliyebembelezwa na shangazi, tulikuwa tunamwambia baba macho yatarudi, subiri kidogo, dawa zinafanya kazi, na huku tunajua hayarudi. Alipokuja kugundua hakupiga kelele wala hakulia, aliwaacha wengine watoke chumbani akanibakiza mimi, akanishika mkono akaniambia, "Mama, giza nitalizoea. Kudanganywa gizani sitakuzoea. Kuanzia leo uniambie kitu kilivyo, hata kikiwa kibaya." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaapa, na nimekitimiza kiapo changu bila kutia chumvi wala kupunguza, shati likiwa na doa namwambia lina doa, rangi ya ukuta ikibambuka namwambia imebambuka wapi na kwa ukubwa gani, na wigi jipya la shangazi nilimwambia limekaa kichwani kama paka aliyelala, shangazi akasikia kutoka jikoni na hakunisemesha siku mbili.

Sasa kuna mchezo wa runinga unaitwa Safari ya Subira, sijui kama wewe unauangalia, ni mambo ya angani, kuna chombo kikubwa kinaitwa Subira kimebeba watu mia tisa waliogandishwa usingizini wanatafutiwa sayari yenye maji, na wanaokesha ni wawili tu, nahodha ambaye ni mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, na roboti mzee anaitwa Bati ambaye kila msimu anapoteza kumbukumbu kidogo. Watu wake wanaongea lugha ya kigeni na maandishi ya Kiswahili yanapita chini, kwa hiyo baba peke yake angeambulia milio tu, ndiyo maana mimi na yeye tumegawana kazi, mimi nasoma maandishi na kueleza picha, yeye anashika rimoti na sauti ni mali yake, anaipandisha injini zikinguruma na anaishusha kidogo mimi ninaposoma. Na usifikiri amekaa tu kama mgeni. Msimu wa pili aliniambia, "Injini ya kushoto inakohoa," nikamwambia baba huo ni mchezo hakuna injini, akasema yeye anasema anachosikia, na sehemu tatu baadaye injini ya kushoto ikalipuka, mshauri, nilipiga kelele mpaka kinyozi akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Miaka mitatu tumekwenda na chombo hicho, kila Jumapili saa kumi msimu unapoonyeshwa, na naapa ndiyo saa ambayo baba anarudi kuwa yule baba wa zamani.

Na kuna jambo moja nahodha huwa analifanya. Kabla hajatoka nje ya chombo anagonga mitungi yake mitatu ya hewa kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa lugha yao, na baba ameshaijua hiyo hesabu, kwa hiyo nahodha akianza naye anainua vidole, kimoja, cha pili, cha tatu, wanahesabu pamoja, halafu ndipo mlango unafunguliwa. Hajawahi kuacha. Chombo kinaungua yeye anagonga mitungi, Bati anapiga mayowe yeye anagonga mitungi.

Jumapili iliyopita ilikuwa sehemu ya thelathini na tisa, imebaki moja mchezo uishe, shangazi alikwenda kumwona mgonjwa tukabaki wawili, na mimi tangu asubuhi roho ilikuwa juu juu, kibandani nilichonga ufunguo mmoja kwa nusu saa. Antena ya chombo imevunjika, mtu lazima atoke nje kuitengeneza, nahodha anagombana na Bati kwa jambo la kipuuzi kabisa la nani alizima taa za ghala, na anakasirika, na anavaa vazi lake la angani na anafungua mlango na anatoka. Hivyo hivyo. Hakugonga wala hakuhesabu, na kamera ikatuonyesha mtungi wa tatu umebaki kwenye ndoano. Nikageuka kumwangalia baba na nikaona vidole vyake vimeshainuka kutoka kwenye goti, vinangoja hesabu, na kwenye kioo nahodha ameshika antena anaishiwa hewa, na mimi hasira ikanipanda kutoka tumboni, nikasema hawa watu hawawezi kutufanyia hivi, sehemu thelathini na nane za akili halafu wanatumalizia kwa upumbavu, na kabla kichwa hakijashauriana na mdomo nikasikia mdomo unasema, "Anahesabu, baba. Moja. Mbili."

Tatu sikuifikia. Baba alikuwa na vidole viwili juu. Ukaanza muziki wa huzuni, nikajua nimekwisha, lakini bahati ikaniangukia, baba akainua rimoti akaishusha sauti, akaishusha, akaishusha mpaka ikaisha kabisa, akasema, "Leo sauti inanichanganya. Endelea wewe, mama."

Nikaendelea. Mshauri, nikuambie ukweli maana kwako sina cha kuficha, nilifurahi. Nilisimama katikati ya sebule nikaitengeneza sehemu ya thelathini na tisa mimi mwenyewe, kwamba nahodha alihesabu akakuta mtungi wa tatu haupo, akarudi ndani akicheka, na yeye hacheki, na Bati akamwambia mimi sipumui, niache niende mimi, na nahodha akamfunga kamba kiunoni na kuishika kwa mikono miwili, na Bati kule nje akasahau amekwenda kufanya nini, na nahodha akawa anamkumbusha neno kwa neno kupitia redio, shika waya mwekundu, zungusha, hapo hapo, mpaka antena ikashika, na ghafla kwenye redio ikasikika sauti ya mtu asiyemjua inasema karibuni. Nilikuwa natokwa na jasho. Baba alipiga paja lake akasema, "Hiyo ndiyo kazi," na alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu macho yake yaondoke, na nyuma yangu kwenye kioo kisicho na sauti Bati alikuwa anafunga mlango na kuzima taa, na majina ya waigizaji yanapita.

Jumatatu ndipo nilipojua nimejipalia makaa. Baba kila asubuhi saa tatu anashuka saluni, ana kiti chake karibu na dirisha, kinyozi hamruhusu mteja kukikalia, na hiyo ndiyo safari yake pekee ya siku. Wakaanza kuongelea mchezo, na wateja wawili na kinyozi mwenyewe wanalaani kifo cha nahodha, baba akawaambia hajafa. Wakamwambia mzee amekufa. Akasema binti yangu ameona na hajafa. Wakacheka, na mmoja kati ya wateja akasema mtu asiyeona lazima apozwe, ndivyo watu wanavyofanya. Baba akasimama. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyenieleza, jioni natoka kazini alinizuia kwenye ngazi na shuka lake la kunyolea mkononi, akasema baba aliongea taratibu kabisa. Alimwambia kinyozi, "Mwanangu aliniahidi kwa kiapo. Kama amesema yu hai, mimi nasimama hapo. Jumapili njoo kwangu uangalie nasi, na nikionekana mwongo kiti hiki sitakikalia tena." Kisha kinyozi akaniuliza, bila kucheka, "Dada, ulimwambia nini mzee?" nikamjibu tutaona Jumapili, nikapanda ngazi.

Sasa nifanye nini? Nimefikiria kuchomoa waya wa antena Jumapili ili tusione kitu. Nimefikiria kumwomba kinyozi akubaliane nami, tumpe mzee mwisho mzuri, wote wawili tusimulie kitu kimoja. Nimefikiria kusema ukweli, lakini nikifika mlangoni kwake naikumbuka ile miezi minane na nashindwa, kwa sababu nikimwambia nimemdanganya mara hii ataamini vipi kwamba shati halina doa, ataamini vipi chochote, mimi ndiye macho yake, nani mwingine atamwambia? Na yeye tangu Jumatatu hajaniuliza neno moja kuhusu nahodha, ananiuliza swali moja tu kila jioni, "Jumapili tuko pamoja?" namjibu tuko pamoja. Na zaidi nakuuliza, mshauri, je, uongo juu ya jambo ambalo lenyewe halijawahi kutokea nao ni uongo? Nahodha hayupo, chombo hakipo. Nimemwua nani?

Naomba usinitaje. Kila asubuhi kabla ya kazi huwa namsomea baba gazeti, na ukurasa wako ndio anaoupenda kuliko yote, anakuita yule mama asiye na simile. Ijumaa nitamwambia ukurasa wako wameujaza matangazo, halafu nitausoma peke yangu kibandani.

Ni mimi, mchonga funguo.

MSHAURI ANAJIBU

Mchonga funguo, barua yako nimeisoma nimesimama, sufuria ikaungua, na sijutii.

Kabla sijakugombeza tumalizane na nahodha, maana nami nina donge tangu Jumapili. Ndiyo, nauangalia. Nilirusha ndala. Mume wangu, ambaye husinzia kuanzia wimbo wa mwanzo, aliamka akauliza nani amekufa, na nilipomweleza akasema kwani si mchezo tu, nikamrushia ya pili. Mwanamke yule aligonga mitungi chombo kikiungua, aligonga siku ya wadudu wa barafu, aligonga akiwa na homa hata hawezi kusimama, halafu leo eti anasahau kwa sababu ya taa za ghala. Waandishi walitaka tulie, wakaona njia ndefu, wakapita ya mkato. Hasira yako ni halali na niko nawe bega kwa bega.

Lakini hasira ile ilikuwa ya watu wawili na wewe umeila peke yako. Baba yako amekwenda na chombo hicho miaka mitatu kama wewe, amehesabu mitungi kwa vidole vyake, na alistahili naye kukasirika, kutukana kidogo, kushuka saluni Jumatatu na kulaani pamoja na wenzake. Nusu ya raha ya mchezo mbaya ni kuulalamikia na mtu unayempenda. Wewe ukamnyima, ukamtuma kwenye mabishano akiwa hana silaha, ukaenda zako kuchonga funguo. Uliona huruma, najua. Ile miezi minane nayo mlikuwa na huruma.

Umeniuliza kama uongo juu ya jambo lisilotokea ni uongo. Usinichezee, binti. Baba yako hakukuuliza kama kuna nahodha duniani. Alikuuliza kioo kinaonyesha nini. Mteja akikuletea ufunguo wenye meno mabaya, yamepinda, hayapendezi, ukamchongea mwingine mzuri kuliko ule, mlango wake utafunguka? Wewe unajua jibu kuliko mimi, ndiyo kazi inayokulisha.

Waya wa antena usiuguse. Kinyozi naye usimwombe kitu, ni mtu mwema aliyekuzuia kwenye ngazi ili usiaibike, usimlipe kwa kumfanya mwongo wa pili. Ukimshirikisha, baba yako atakuwa amezungukwa na watu wawili wanaokonyezana juu ya kichwa chake, na hilo ndilo alilokuomba zaidi ya miaka mitatu iliyopita lisitokee tena.

Halafu kuna jambo jingine ambalo limeniudhi zaidi ya yote. Tangu Jumapili nilikuwa nasema haiwezekani, mtu hawezi kuacha kitu anachokifanya kila siku ya maisha yake kwa sababu ya hasira ya dakika moja. Jumatano ikaja barua yako. Zaidi ya miaka mitatu hujamdanganya baba hata juu ya wigi, kisha ukakasirika ukafungua mlango ukatoka bila kuhesabu. Sasa siwezi tena kusema haiwezekani. Bado nasema wale waandishi walikuwa wavivu, lakini nimelazimika kulisema kwa sauti ya chini.

Sasa rudi kwenye barua yako, maana umeiandika yote bila kuisoma. Umeniambia baba yako ni fundi aliyejua ugonjwa wa redio kabla ya kushika bisibisi. Umeniambia alisikia injini ya kushoto inakohoa wakati wewe mwenye macho hukuona kitu. Umeniambia hesabu ya nahodha anaijua kwa lugha yao. Haya. Jumapili vidole viko juu, anangoja. Kwenye runinga kunatoka nini? Hakuna hesabu. Inatoka sauti yako, Kiswahili, moja, mbili. Kisha unaanza muziki wa msiba. Na mtu huyo, mwenye masikio hayo, anainua rimoti anaishusha sauti mpaka inaisha, anakwambia endelea wewe. Hilo unaliita bahati?

Mimi si mganga, siwezi kuingia kichwani mwa baba wa mtu. Lakini mzazi mwenye masikio kama hayo hakuchanganywa na sauti. Alisikia kila kitu, akachagua kukusikiliza wewe. Na kile kiti cha dirishani, ambacho ndicho safari yake ya siku, hakukiweka rehani kwa ajili ya mwanamke wa kwenye runinga. Hapo hakusema nahodha yu hai, soma tena, alisema kama mwanangu amesema. Na tangu siku hiyo haulizi habari za nahodha. Anauliza kama Jumapili mko pamoja. Nahodha hamsubiri tena, mwanangu. Anakusubiri wewe, na amekupa mpaka Jumapili.

Unaogopa kwamba ukikiri hatakuamini tena kuhusu shati. Ni kinyume chake. Ile miezi minane hakuna aliyekuja kumwambia tumekudanganya, aligundua mwenyewe, gizani, peke yake. Hilo ndilo lililomuumiza. Safari hii aambiwe, na aambiwe na wewe, kabla kinyozi hajapanda ngazi.

Namna ya kumwambia umeshaiandika. Umepanga kusema ukurasa wangu wameujaza matangazo. Huo ni uongo wa pili na bado hujausema, kwa hiyo umeze. Hutausoma peke yako kibandani. Umeshafika hapa, rudi juu, kaa karibu naye, anza kwenye "Mpendwa mshauri" umsomee mpaka mwisho, kitu kilivyo, bila kuruka mstari. Usiruke hata lile la wigi, na shangazi akiwa sebuleni hiyo ni shauri yako.

Kesho Jumamosi saa nne asubuhi sehemu ya thelathini na tisa inarudiwa. Funga kibanda mpaka saa sita, wateja watavumilia. Mpe rimoti, mwambie aipandishe sauti, na umweleze yote, ndoano, mtungi wa tatu, Bati anavyozima taa. Mkitaka kutukana tukaneni, msisahau kutukana na kwa niaba yangu. Mkimaliza shukeni saluni pamoja, na wewe, si yeye, umwambie kinyozi mbele ya wateja kwamba mzee hakusema uongo, aliambiwa uongo na macho yake. Kiti ni cha mzee. Aliyekosa ni wewe, na wewe simama wima siku hiyo. Jumapili kinyozi aje, mkae watatu, na sehemu ya arobaini uisimulie ilivyo hata ikiwa mbaya kuliko hii, na kwa waandishi hawa sitashangaa.

Na ile sehemu yako ya kamba na waya mwekundu? Msimulie tena. Runinga ikishazimwa, umwambie kwanza, baba, hii ni yangu nimeitunga. Ni nzuri. Nilipofika pale Bati anaposahau amekwenda kufanya nini na nahodha anamkumbusha neno kwa neno nililia, na nahodha wao alipokufa sikulia, nilirusha ndala tu. Mtu anayeweza kutunga hivyo hana haja ya kujificha nyuma ya kioo cha wengine.

Na wewe mzee wangu, shikamoo. Asiye na simile ndiye mimi. Kama gazeti limesomwa mpaka hapa, binti yako amefanya asubuhi hii kazi ngumu kuliko kufuli lolote alilowahi kulitengenezea ufunguo, na kama sauti yake imekwama mahali fulani njiani, masikio yako yamepajua kabla yangu. Mkasirikie, una haki, kisha mpe chai. Mimi nina swali moja, na umjibu yeye, si mimi. Jumapili ile, ulipoishusha sauti mpaka mwisho, ulikuwa umeshasikia nini?

Mchonga funguo, weka gazeti chini umsikilize.